Imamu Ghazali na Yakini ya Hesabu

Nje kidogo ya mji wa Machakos, katika barabara ya lami inayokwea mlima wa Kituluni, pana mahali paitwapo Kyamwilu. Wageni hufika hapo kutoka pande nyingi za Kenya ili wajionee maajabu. Mtu humwaga maji barabarani, na maji yale, badala ya kuteremka, huonekana yakipanda mlima. Dereva akiiacha gari bila gia, nayo huanza kujiendea polepole kuelekea juu. Watu hushangaa, na kila mmoja huondoka na maelezo yake. Wako wanaotaja sumaku iliyozikwa ardhini, na wako wanaotaja mizimu.

Fundi mwashi hahitaji sumaku wala mizimu. Yeye angeweka pima maji yake juu ya lami akaangalia. Mahali pa namna hii pako katika nchi nyingi za dunia, na pale palipopimwa kwa vyombo palionekana kuwa ni mteremko wa kawaida tu. Jinsi vilima vya pembeni vilivyolala, na kukosekana kwa upeo ulio wazi mbele ya macho, ndiko kunakomfanya mtu aone kwamba chini ni juu. Maji hayakupotea njia. Lililopotea ni jicho.

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama, lakini Kyamwilu mwenye macho hana budi kuambiwa. Na hapo ndipo linapozuka swali lililo zito kuliko lile la maji. Ikiwa jicho laweza kumdanganya mtu mchana kweupe, kisha kipimo na hesabu zikamsahihisha, basi hiyo hesabu nayo twaiamini kwa nini? Ni nani aliyetupa dhamana kwamba yenyewe haidanganyi?

Swali hili limewashughulisha wanafalsafa tangu zama za Wayunani hadi leo. Wachache wameliuliza kwa uchungu kama mtu mmoja ambaye jina lake lajulikana katika darasa za misikiti yetu ya pwani: Imamu Abu Hamid Muhammad al-Ghazali. Wengi wetu twamjua kwa kitabu chake kikubwa, Ihyaa Ulumiddin, kinachosafisha nyoyo na kufundisha adabu za ibada. Si wengi wanaojua kwamba Imamu huyo huyo aliwahi kuugua kwa ajili ya shaka, na kwamba alipotaka kuonyesha maana ya kujua jambo kwa yakini, mfano alioushika haukuwa wa sala wala wa saumu. Ulikuwa mfano wa hesabu, tena hesabu ya mtoto wa chuoni: kumi ni nyingi kuliko tatu.

YATIMA WA TUS

Ghazali alizaliwa mwaka 450 wa Hijria, sawa na mwaka 1058 wa Miladi, katika mji wa Tus, jimbo la Khurasani. Magofu ya mji huo yako karibu na Mashhad, kaskazini mashariki ya Iran ya leo. Yasimuliwa kwamba baba yake alikuwa mtu maskini aliyesokota sufi na kuiuza dukani kwake, na ambaye alipenda sana kuketi katika vikao vya wanazuoni ijapokuwa yeye mwenyewe hakusoma. Alipohisi kwamba ajali yake imekaribia, aliwakabidhi wanawe wawili, Muhammad na Ahmad, kwa rafiki yake mmoja Sufi, pamoja na akiba ndogo aliyokuwa nayo, akamwusia awasomeshe.

Akiba ile haikudumu. Ilipokwisha, mlezi wao aliwashauri waingie madrasa, maana huko mwanafunzi alipata elimu pamoja na chakula. Hivyo ndivyo njaa ilivyomtia chuoni mtu ambaye baadaye aliitwa Hoja ya Uislamu.

Kutoka Tus alikwenda kusoma Jurjan. Wapokezi wa habari zake wanasimulia kwamba alipokuwa akirudi kwao, msafara wake ulivamiwa na wanyang'anyi, nao wakachukua kila kitu, pamoja na mfuko uliokuwa na madaftari yake. Kijana akamfuata mkuu wa wanyang'anyi akamsihi amrudishie karatasi zile, kwa kuwa kwa mwizi hazina thamani na kwake yeye ndiyo elimu yote aliyoitafuta. Mkuu yule alimcheka. Alimshangaa mtu anayedai kuwa ana elimu, ilhali elimu yenyewe ikichukuliwa katika mfuko yeye hubaki hajui kitu. Kisha akamrudishia madaftari yake. Ghazali aliona kwamba Mungu ndiye aliyemsemesha mnyang'anyi, na alipofika Tus alikaa miaka mitatu akihifadhi yote aliyoyaandika, hata ikawa hakuna mwizi awezaye kumnyang'anya.

Kisa hiki kinafurahisha, lakini pia kinaonyesha swali litakalomfuata maisha yake yote. Mtu akisema anajua, anajua nini hasa? Maandishi ni rahisi kuibiwa. Mapokezi ni rahisi kukosewa. Je, liko lolote ambalo mtu akishalijua halinyang'anyiki kabisa?

KITI CHA BAGHDAD

Baadaye alihamia Nishapur, akasoma kwa Imamu al-Haramayn al-Juwayni, mwanachuoni mkubwa wa zama hizo katika fikihi ya Kishafii na elimu ya tauhidi. Ghazali alikaa naye mpaka shekhe huyo alipofariki mwaka 1085. Hapo akaenda kwenye kambi ya waziri mkuu wa dola ya Waseljuki, Nizam al-Mulk, ambako wanazuoni walikuwa wakikutana na kushindana kwa hoja. Kijana wa Tus aliwashinda. Mwaka 1091 waziri alimpa kiti cha kufundisha katika Madrasa Nizamiya ya Baghdad. Umri wake ulikuwa miaka 33 tu.

Cheo hiki kilikuwa kikubwa kupita kiasi. Wanafunzi 300 walikaa mbele yake. Makhalifa na masultani walimstahi. Lakini wakati watu walipomwona amekamilika, yeye ndani ya nafsi yake alikuwa ameshapitia jambo ambalo hakumwambia mtu. Alikuja kulieleza mwenyewe alipokuwa amepita umri wa miaka hamsini, katika kitabu kidogo kiitwacho al-Munqidh min al-Dalal, yaani kile kinachookoa katika upotevu.

MIEZI MIWILI YA SHAKA

Anaeleza kwamba tangu ujana wake aliona watoto wa Kikristo wakikua Wakristo, wa Kiyahudi wakikua Mayahudi, na wa Kiislamu wakikua Waislamu, kila mmoja akimfuata mzazi wake. Akataka kujua ni elimu ipi ambayo mtu haipati kwa kuiga. Akajiwekea kipimo: elimu ya yakini ni ile isiyoachia nafasi ya shaka hata chembe, ambayo hata akija mtu mwenye miujiza kuipinga haitikisiki. Hapo ndipo alipoleta mfano wake. Akijua kwamba kumi ni nyingi kuliko tatu, kisha akaja mtu akadai kwamba tatu ndizo nyingi, na ili kuthibitisha akaigeuza fimbo kuwa nyoka mbele ya macho yake, Ghazali angestaajabia uwezo wa mtu yule na kujiuliza amefanyaje. Lakini juu ya kumi na tatu asingeingiwa na shaka yoyote.

Msomaji na autazame vyema mfano huu. Mtu mcha Mungu, aliyesadiki miujiza ya Mitume, anasema kwamba muujiza hauwezi kugeuza ukweli wa hesabu. Si kwa sababu muujiza ni mdogo, bali kwa sababu mambo haya mawili hayakutani. Nyoka hashuhudii chochote juu ya kumi.

Akiwa na kipimo hicho mkononi, akaanza kukagua kila alichokuwa akikiamini. Akaanza na milango ya fahamu, na kubwa yao ni jicho. Jicho hukitazama kivuli likaona kimesimama, na baada ya saa moja likakuta kimesogea, kumbe kilikuwa kikisogea wakati wote kidogo kidogo. Jicho huitazama nyota likaiona ndogo kama sarafu ya dinari, lakini burhani za handasa, ile elimu ya maumbo na vipimo ambayo shuleni huitwa jometri, zathibitisha kwamba nyota hiyo ni kubwa kuliko ardhi. Kwa hiyo jicho lilihukumu, akili ikaja ikaitangua hukumu yake, wala jicho halikuwa na la kujitetea. Imamu hakufika Kyamwilu, lakini angefika asingeshangaa.

Akasema basi, labda kilichobaki cha kutumainiwa ni akili, na yale ya mwanzo inayoyajua bila kufundishwa: kwamba kumi ni nyingi kuliko tatu, na kwamba kitu kimoja hakiwezi kuwapo na kutokuwapo kwa wakati mmoja. Hapo likamjia wazo la kutisha, kana kwamba milango ya fahamu yenyewe inamsuta. Alikuwa akiliamini jicho mpaka hakimu wa akili alipokuja akalikadhibisha. Asingekuja hakimu huyo, angeendelea kuliamini. Sasa ana hakika gani kwamba nyuma ya akili hakuna hakimu mwingine, ambaye siku akijidhihirisha ataikadhibisha akili kama akili ilivyolikadhibisha jicho? Akafikiri juu ya ndoto. Mtu akiwa usingizini huyaona mambo na kuyasadiki bila wasiwasi, na akiamka hujua kwamba hayakuwa kitu. Je, maisha haya ya macho nayo yasije yakawa usingizi wa aina nyingine?

Alijaribu kujitibu kwa hoja, hakuweza. Sababu yake ni nyepesi kueleza na nzito kuiepuka. Hoja hujengwa kwa yale ya mwanzo, kama nyumba juu ya msingi. Ukiutilia shaka msingi, huwezi kuutengeneza kwa matofali yanayoukalia. Kwa muda wa karibu miezi miwili alikuwa katika hali hiyo. Kwa ulimi alikuwa Mwislamu na mwalimu kama kawaida, lakini rohoni hakuwa na pa kusimama.

Kisha akapona. Anasema hakupona kwa kupanga dalili wala kwa kutunga maneno, bali kwa nuru ambayo Mwenyezi Mungu aliitupa kifuani mwake. Akili ikarudi katika afya yake, na yale ya mwanzo yakarudi kuwa ya kuaminika, kumi ikiwa juu ya tatu kama ilivyokuwa.

Jibu hili huonekana na wengine kama la kukimbia mjadala. Lakini tazama alichokisema. Hakusema kwamba hesabu ni ya uongo, wala kwamba hesabu hujisimamisha yenyewe. Alisema kwamba yakini ya hesabu ni ya kweli, ila haitokani na burhani, kwa kuwa burhani zote ndizo zinazotokana nayo. Mtu huipokea kama anavyopokea uzima. Miaka 500 na zaidi baada yake, mwaka 1641, Mfaransa René Descartes alichapisha kitabu kilichopita katika njia inayofanana sana na hiyo, cha kushuku macho, kutaja ndoto na kushuku hata hesabu, na yeye pia akamalizia kwamba dhamana ya mwisho iko kwa Mungu asiyedanganya. Na mwaka 1931 Kurt Gödel, mzaliwa wa mji wa Brno, alithibitisha kwa njia za hesabu zenyewe kwamba mfumo wowote wa kanuni unaotosha kufanyia hesabu za kawaida, maadamu kanuni zake hazipingani, utakuwa na kauli ambazo hauwezi kuzithibitisha wala kuzikanusha, na kwamba hauwezi kujithibitishia wenyewe kuwa umesalimika na mgongano. Gödel hakumfuata Ghazali, wala mambo yao si mamoja. Lakini wote wawili waligonga mlango ule ule, mlango wa kutaka kujua ni nini kinachoishikilia hesabu.

ZOHALI NA JUA

Huko Baghdad, katika saa chache alizoziiba baina ya darasa, Ghazali alisoma vitabu vya wanafalsafa peke yake bila mwalimu. Kwa muda wa chini ya miaka miwili alivimaliza, akakaa mwaka mwingine akivitafakari. Kwanza aliandika kitabu cha kueleza makusudio yao, kisha akaandika Tahafut al-Falasifa cha kuwajibu, hasa al-Farabi na Ibn Sina, katika masuala 20.

Wengi hudhani kwamba kitabu hicho kilipiga vita akili na hesabu. Sivyo. Katika utangulizi wake aliwalaumu wanafalsafa kwa jambo jingine: waliwafanya watu waone kwamba maneno yao juu ya Mungu na roho yana uhakika ule ule wa hesabu zao. Jibu lake lilikuwa fupi na kali. Kama elimu yao ya mambo ya Mungu ingekuwa na burhani safi kama hesabu, wasingehitilafiana ndani yake, kama wasivyohitilafiana katika hesabu. Kwa hiyo hesabu kwake ilikuwa mizani, na kwa mizani hiyo aliwapima waliojivunia hesabu wakaonekana pungufu.

Tena aliitumia kama silaha. Wanafalsafa walishikilia kwamba ulimwengu hauna mwanzo, na kwamba nyota zimezunguka tangu azali. Ghazali akawauliza juu ya sayari ya Zohali, ambayo hukamilisha mzunguko wake kwa miaka 30 hivi, na jua, ambalo kwa falaki ya wakati huo lilihesabiwa kuzunguka mara moja kwa mwaka. Katika kila miaka 30 jua huzunguka mara 30 na Zohali mara moja. Ikiwa hakuna mwanzo, mizunguko ya jua haina mwisho wa kuhesabika, na ya Zohali vile vile. Itakuwaje theluthi ya sehemu ya kumi iwe sawa na kitu kizima? Na hiyo idadi ya mizunguko ni shufwa au ni witri? Wakisema ni witri, basi ikiongezwa mmoja huwa shufwa. Vipi kitu kisicho na mwisho kipungukiwe na kimoja?

Mjadala huo haukufa pamoja naye. Ibn Rushd wa Andalusia, aliyefariki mwaka 1198, aliandika kitabu cha kumjibu, akasema kwamba shufwa, witri na ulinganifu wa sehemu ni sifa za idadi iliyokamilika, na jambo lisilo na mwisho halina jumla ya kuitwa hivyo. Karne ya 19 ilipokaribia kuisha, Mjerumani Georg Cantor alilifungua tena suala hilo kwa njia mpya. Mtu asiyejua kuhesabu, akiona msikitini kila jozi ya ndara mlangoni ina mwenyewe ndani, na kila aliye ndani ana jozi yake, ajua kwamba idadi ni sawa. Cantor alipanga namba namna hiyo, akaonyesha kwamba katika visivyo na mwisho sehemu yaweza kulingana na kizima, kila namba ya shufwa ikapewa mwenziwe katika namba zote. Kile ambacho Ghazali alikiona kuwa ni muhali, Cantor alikifanya kuwa ndiyo alama ya kisicho na mwisho. Lakini wanahesabu wengine wa wakati wa Cantor walimpinga vikali, na mabishano juu ya maana ya kisicho na mwisho bado yapo mpaka leo miongoni mwa wanafalsafa wa hesabu.

Katika kitabu hicho hicho Ghazali alitenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Moto kuunguza pamba ni desturi aliyoiweka Mwenyezi Mungu, naye aweza kuiondoa, kama alivyoiondoa kwa Nabii Ibrahim. Lakini jambo kuthibitika na kukanushika kwa pamoja si desturi ya kuondolewa. Ni muhali, na muhali si kitu cha kufanyiwa uwezo. Ya moto twayajua kwa kuyaona yakirudiarudia. Ya hesabu hatuyajui kwa kurudiarudia. Hakuna mtu aliyehitaji kupanga vijiti mara elfu ndipo aamini kwamba kumi ni nyingi kuliko tatu.

KUONDOKA BAGHDAD

Mwezi wa Rajabu mwaka 488 wa Hijria, yaani Julai 1095, alipatwa na msiba mwingine. Safari hii hakuwa na shaka juu ya elimu, bali juu ya nia yake. Aliona kwamba anafundisha kwa ajili ya jaha na sifa. Kwa muda wa karibu miezi sita alivutana na nafsi yake, mpaka siku moja ulimi wake ukafungwa, asiweze kutamka neno mbele ya wanafunzi. Chakula kikamshinda. Matabibu wakakata tamaa. Mwezi wa Dhulkaada akatangaza kwamba anakwenda Makka, akagawa mali yake isipokuwa kiasi cha kuwatunza watoto, akatoka Baghdad kuelekea Sham.

Damascus alikaa karibu miaka miwili, akipanda mnara wa msikiti mkuu na kujifungia humo mchana kutwa. Alizuru Baitul Mukaddas, akazuru kaburi la Nabii Ibrahim huko Khalil, na akahiji. Miaka hiyo ya ufakiri ndiyo iliyozaa Ihyaa.

Hata katika kitabu hicho cha moyo, hesabu haikusahauliwa. Katika mlango wa elimu aliitaja pamoja na udaktari kuwa ni faradhi ya kifaya. Ikiwa mji mzima hauna anayeijua, watu wote wa mji huo wana dhambi, maana bila hesabu muamala hauendi, wala wasia na mirathi hazigawanyiki. Aliwalaumu watu wanaojazana katika fikihi kwa kutafuta vyeo, huku mji mzima ukikosa tabibu Mwislamu. Katika elimu ya nyota alitofautisha kuhesabu mwendo wa sayari na kupiga falaki kwa kutabiri bahati. Ya kwanza ni hesabu, ya pili aliikataza.

Hesabu ya mirathi yafaa tuiangalie, kwani ndani yake mjadala wote huu hujitokeza. Tuseme bibi mmoja amefariki Machakos, mji ambao Waislamu wamekaa tangu enzi za misafara ya pwani. Hakuacha mtoto, mzazi wala ndugu wa kiume, bali mume na dada wawili wa baba na mama mmoja, na mali yake ni shilingi 42,000. Fungu la mume ni nusu, yaani 21,000. Fungu la dada wawili ni theluthi mbili, yaani 28,000. Jumla ni 49,000, na mali ni 42,000. Hakuna taqwa itakayoifanya nusu na theluthi mbili zitoshe ndani ya kitu kimoja. Suala kama hili lilitokea zama za Khalifa Omar, ikapitishwa kanuni iitwayo aul: mali ikagawanywa mafungu saba badala ya sita, mume akapata matatu, 18,000, na dada wakapata manne, 24,000, kila mmoja 12,000. Baadaye Ibn Abbas alihitilafiana na kanuni hiyo, akaona kwamba wapunguzwe baadhi ya warithi na si wote. Wanazuoni wengi wa Sunna waliifuata aul.

Angalia jinsi kazi ilivyogawanyika. Hesabu ilisema jambo moja tu, kwamba mafungu hayaenei, na kwa hilo Omar na Ibn Abbas hawakuhitilafiana. Lakini hesabu haikusema nani apunguziwe. Hilo ni la sheria. Mpaka huo ndio alioupigania Ghazali.

HATARI MBILI

Mwaka 1106, baada ya miaka kumi na moja nje ya ukumbi wa kufundishia, alikubali kwa ombi la waziri Fakhr al-Mulk, mwana wa Nizam al-Mulk, kurudi kufundisha Nishapur. Katika Munqidh, alichokiandika miaka hiyo ya mwisho, alitoa hukumu yake kamili. Hesabu, handasa na falaki hazina chochote cha kuithibitisha dini wala cha kuikanusha. Ni mambo ya burhani, na aliyeyaelewa hana njia ya kuyakataa. Lakini zimezaa hatari mbili.

Ya kwanza ni ya mtu anayestaajabia usahihi wa hesabu, kisha akadhani kwamba wenye hesabu wamepata katika kila kitu. Anapowasikia wakiidharau dini, naye huidharau kwa kuwaiga, kana kwamba fundi hodari wa chombo kimoja lazima awe hodari wa vyombo vyote.

Ya pili ni ya rafiki mjinga wa Uislamu. Huyu hudhani kwamba dini husaidiwa kwa kukataa kila elimu ya watu hao, hata akakanusha maelezo yao juu ya kupatwa kwa jua na mwezi. Maneno yake yakimfikia mtu anayejua burhani za mambo hayo, mtu huyo haitilii shaka burhani. Huitilia shaka dini, akadhani imejengwa juu ya ujinga. Ghazali aliliita jambo hili jinai kubwa juu ya dini. Alikumbusha kwamba Mtume (S.A.W.) alifundisha kuwa jua na mwezi hazipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa kuzaliwa kwake, na akaamrisha sala wakati huo. Ndani ya mafundisho hayo hakuna kinachokanusha hesabu.

Tarehe 3 Novemba 2013 jua lilipopatwa, na giza likapita juu ya Turkana, dakika zake zilikuwa zimekwisha kuhesabiwa miaka mingi kabla. Hesabu ile haikumzuia mtu kusali sala ya kupatwa kwa jua, wala sala haikuitangua hesabu. Aliyesali akijua saa yake hakupungukiwa na unyenyekevu.

Ghazali alirejea Tus, akajenga madrasa na makazi ya Masufi karibu na nyumba yake. Alifariki mwezi wa Jumada al-Akhir mwaka 505, Desemba 1111. Yapokewa kwa ndugu yake Ahmad kwamba asubuhi ya siku hiyo alitawadha, akasali, akaomba sanda yake, akaibusu, akaiweka machoni, kisha akanyoosha miguu kuelekea kibla, akafariki kabla jua halijapanda.

Wako waandishi waliodai kwamba yeye ndiye aliyezima taa ya sayansi katika Uislamu. Miaka iliyofuata haikubaliani nao. Katika Tus hiyo hiyo alizaliwa mwaka 1201 Nasir al-Din al-Tusi, aliyeanzisha kituo cha kuangalia nyota cha Maragha mwaka 1259. Huko Samarkand, mwaka 1424, al-Kashi alipata uwiano wa mzingo wa duara na kipenyo chake kwa tarakimu 16 baada ya nukta. Na katika msikiti ule ule wa Damascus alimojifungia Ghazali, Ibn al-Shatir alikuwa mwangalizi wa nyakati za sala, na mwaka 1371 akautengenezea mnara wake saa kubwa ya jua. Kivuli ambacho jicho hukiona kimesimama kikapangiwa mistari, kikawa kinawaita watu msikitini.

Leo kijana wa Kiislamu, awe wa Lamu au wa Machakos, huambiwa na baadhi ya watu kwamba hesabu na sayansi ni za wengine na dini ni yake, na huambiwa na wengine kwamba akizijua hizo hana haja ya hii. Wote wawili wanamtaka achague, na wote wawili Ghazali alikwisha kuwajibu miaka 900 iliyopita. Kumi ni nyingi kuliko tatu kwa anayesali na kwa asiyesali. Kile kinachomfanya kila mmoja wao aweze kulijua jambo hilo bila shaka, wanafalsafa wangali wanakitafuta. Yatima wa Tus alikitafuta kwa miezi miwili, akakiita nuru, akaenda kufundisha.